Tufani ya Pwani, Matuta ya Mlimani

Juzi vijana wa greda walinikuta nimeinama kwenye mtaro chini ya Soni, nachomoa majani na kokoto kwa mkono. Wakasimama kuniuliza kama nimeangusha kitu. Nikawaambia sijaangusha kitu, nafungulia maji njia. Walicheka mpaka greda ikazima. Sikukasirika. Vijana, nami nilipokuwa na umri wenu niliwacheka wazee, na kicheko kile kilikuja kunitoa jasho, ndiyo maana nimeketi kuwaandikia.

Jina langu Zakaria. Nimekuwa mtu wa barabara kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kibarua, kisha mnyapara wa kundi la watu ishirini. Nilianzia njia ya Mtae, ambako siku zile gari likifika juu watu walilipokea kwa vigelegele kama bibi harusi. Baadaye nikahamishiwa huku kwenye mteremko wa kutoka Lushoto kwenda Mombo. Shahada sina. Lakini kalavati nilizojenga kwa mawe bado zinapitisha maji, na hizi za mabomba mlizoleta juzi mmeshazizibua mara mbili. Nasema hivyo kwa majivuno, wala sioni haya.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Singano, mnyapara aliyenitangulia. Alikuwa hasikii sikio la kushoto, na ukimletea kisingizio alikugeuzia sikio hilo. Siku yangu ya kwanza chini yake, mvua ilipoanza, sisi vibarua tulikimbilia kibandani. Yeye akavua viatu, akajifunika gunia kichwani, akatoka nje.

"Mnakwenda wapi?" akatuuliza. "Kazi ndiyo imeanza."

Akatutembeza mvuani, miguu peku, ndani ya mtaro. Alitaka tuhisi kwa nyayo maji yanakokwenda kasi na yanakosimama. Barabara hukaguliwa wakati wa mvua, alisema. Wakati wa jua kila barabara ni nzima. Jambo la pili alilonifundisha ni hili: adui wa barabara si gari. Gari linapita likaenda zake. Maji yanakaa yakitafuta njia, na hayachoki.

Makosa nimefanya mengi, mengine ya kuchekesha. Wakati fulani udongo uliporomoka, nami kwa uvivu nikausukuma wote kwa chepe upande wa bondeni. Kumbe chini kulikuwa na kahawa ya mzee wa kanisa. Jumapili yake mzee huyo aliomba sala ndefu kwa ajili ya "wale wanaomwaga mlima juu ya kahawa ya jirani", na usharika mzima ukageuka kunitazama. Tangu hapo nikajua udongo una mwenyewe hata ukiwa matope.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la kuchekesha.

Kwa msiojua, enzi za mkoloni wazee wetu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye mashamba yote ya miteremko. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, tuta lilikula sehemu ya shamba, na asiyechimba alitozwa faini au kufungwa. Juu ya kona moja kali, kati ya Soni na Mombo, lilikuwapo shamba la Mama Hiza. Mumewe alikataa kuchimba. Akafungwa. Alirudi anakohoa, akafariki kabla hajauona Uhuru. Matuta ya shamba lile yalikuja kuchimbwa na mjane mwenyewe, kwa kuogopa naye asifungwe akaacha watoto.

Uhuru ulipokuja, mimi nilikuwa kijana wa chama, damu inachemka. Tukaona zawadi bora ya kumpa mama yule ni kumwondolea alama ya mateso yake. Tukapanda shambani kwake na ngoma na majembe, vijana zaidi ya thelathini, tukiimba, tukayasawazisha matuta yote kwa siku moja. Jembe la kwanza nililipiga mimi. Mama Hiza alilia kwa furaha, akatupikia bada, ule ugali wa muhogo, na maharage.

Mzee Singano alikuwa barabarani anatutazama. Niliposhuka akaniuliza, "Zakaria, umevunja la Mzungu au la mlima?"

Nikacheka. Nikawaambia wenzangu mzee amezoea kutumwa, hata uhuru unampa homa. Maneno hayo niliyasema kwa sauti, upande wa sikio lake zima.

Miaka michache ikapita bila neno. Mvua za kawaida zilikuja, udongo ukashuka kidogo, tukauzoa. Mzee Singano akastaafu, nikapewa unyapara. Neno Ujamaa lilikuwa bado bichi midomoni mwetu wakati ile tufani ilipotoka baharini.

Huku mlimani hatukuiona tufani yenyewe. Sisi tulipata mkia wake: upepo uliolaza migomba, halafu mvua ya siku tatu, mvua nzito iliyokuja kwa mlalo ikapiga madirisha. Siku ya nne asubuhi nilitoka kukagua njia. Nilipofika kwenye kona ya Mama Hiza sikuiona kona. Nusu ya shamba lake ilikuwa barabarani, mahindi yamesimama wima juu ya matope kama yaliyopandwa pale, na katikati kulikuwa na jiwe kubwa kuliko kibanda chetu. Niliketi chini. Nilijua papo hapo ni nani aliyelileta jiwe lile, na si bahari.

Nyuma yangu likasimama lori. Dereva aliitwa Athumani, mtu wa pwani, wa kijiji kimoja kabla ya kufika Pangani. Kwa miaka mingi alikuwa akipanda kwetu kuchukua viazi. Mvua ilikuwa imemkamata Soni na lori limejaa. Alishuka, akatazama matope, akanitazama mimi.

"Mnyapara, redio imesema huko kwetu nyumba zimelala. Mke wangu yuko huko na watoto watatu. Njia itafunguka lini?"

Nilirudi Soni kupiga simu Tanga kuomba tingatinga. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Aliniambia mashine zote zimepelekwa pwani, madaraja yamekwenda na maji, huko watu wanahitaji chakula kuliko barabara ya milimani, nisubiri kama miezi miwili. Nikamwambia, bwana, hicho chakula kiko huku juu, na njia ya kukishusha ndiyo hii. Simu ikakatika.

Basi tukafanya ya kwetu. Pembe ikapulizwa, kengele ya kanisa ikagongwa siku isiyo ya ibada, na watu wakaja kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kila nyumba na jembe lake: wakulima, walimu, hata wenye maduka wa Soni ambao hatukuwahi kuwaona na tope kiatuni. Wenye viazi vilivyojaa lorini walisema viende kwa walioangukiwa, na wakaongeza magunia ya kabichi na maharage. Athumani alivua shati, akachukua chepe.

Hakujua kulishika. Alichota kwa mikono kama anayepakua pilau. Nikamwonyesha: egemeza mpini kwenye paja, mguu ndio usukume, mkono uongoze tu, vinginevyo kesho huwezi kushika hata usukani. Vijana, hilo nalo lichukueni, ni la bure.

Jiwe lilitushinda kwa nyundo, na baruti hatukuwa nayo. Tukafanya kama mababu zetu. Tulilizungushia kuni za miwati, tukalichoma kutwa nzima mpaka likaanza kutoa mlio, kisha watu wakapanga mstari kutoka kijitoni, tukalimwagia ndoo za maji baridi kwa mpigo mmoja. Likapasuka vipande vitatu. Kelele za shangwe zilizopigwa pale, nadhani Mombo walizisikia. Kesho yake tukaviringisha vipande vile, na ilipofika alasiri njia ilikuwa karibu wazi. Athumani akapanda kwenye lori akawasha injini.

Mvua ikanyesha kwa muda wa saa moja tu. Mlima ukashuka tena, ukafunika kila tulichochimba.

Athumani alizima injini, akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Mzee Singano alikuwa amekuja na fimbo yake kutazama. Akasema bila kumlenga mtu, "Mnapiga deki huku paa linavuja."

Kila mtu alimwelewa. Juu ya kona mteremko ulikuwa uchi. Tungechimba barabara mwaka mzima na kila wingu lingetucheka. Ilibidi kwanza maji yazuiwe huko juu, na njia ya kuyazuia ilikuwa moja: mtaro wa kuyakinga na matuta. Matuta yale yale, katika shamba la mwanamke ambaye mumewe alifungwa kwa kuyakataa.

Nilipanda peke yangu. Mama Hiza alikuwa amekaa ukingoni mwa nusu ya shamba iliyobaki, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuzoa na hii iliyobaki?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya ofisi: usalama wa barabara, agizo la wilaya. Yote yakanikauka mdomoni. Nikamwambia, "Mama, naomba tuchimbe matuta."

"Wewe ndiye uliyekuja hapa na ngoma."

"Ni mimi."

"Uliniambia matuta ni minyororo. Nami nikakupikia."

"Nilikosea, mama. Mzungu alikosea kutulazimisha, na alimkosea Baba Hiza. Tuta halikukosa. Mimi sikutenganisha. Nimeharibu shamba lako, nimefunga njia, na kule chini yuko mtu hajui kama watoto wake wako hai."

"Hayo umewaambia wale walio barabarani?"

"Bado."

"Nenda kawaambie. Ukishasema mbele ya watu, nitasikia kutoka hapa hapa."

Vijana, nimewahi kuning'inia kwa kamba juu ya genge la Mtae, lakini safari ya kushuka shamba lile ilikuwa ngumu zaidi. Nilisimama juu ya tope, mnyapara mzima, nikasema kwa sauti: matuta ya juu niliyavunja mimi wa kwanza, Mzee Singano alinionya nikamdhihaki, na leo namwomba radhi yeye na Mama Hiza mbele yenu. Hakuna aliyecheka. Mzee Singano akageuza kichwa, akanielekezea sikio zima, akasema, "Rudia kidogo, sikusikia." Hapo ndipo watu walipocheka, na mimi pia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilivunjika hadharani, na lilipona hadharani.

Huko juu Mama Hiza alikuwa amesimama. Akapiga kelele, akiniita kwa heshima ya Kisambaa, "Mgosi, lete hayo majembe! Lakini mstari nachora mimi!"

Na aliuchora kweli. Tulitengeneza kipimo cha miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, kamba katikati, jiwe mwisho wa kamba. Jiwe likitulia katikati, miguu miwili iko sawa, na hapo ndipo tuta lipite. Kipimo hicho hakihitaji betri. Mama alikisogeza hatua kwa hatua, sisi tukachimba nyuma yake. Mzungu alipitisha matuta kwa kamba iliyonyooka kama reli. Mama aliyapindisha kufuata tumbo la mlima, kwa sababu alilijua. Mahali pengine alituambia tuache, hapo chini kuna chemchemi, mkipakandamiza patatoboka. Tuliacha. Juu kabisa tukakata mtaro mpana wa kuyaongoza maji kwenye miamba ya kijito, na kwenye kingo tukapanda majani ya kulishia ng'ombe ili mizizi ishike. Mvua ilinyesha tena tukiwa kazini. Tulisimama majembe mkononi tukitazama maji yakija, yakafika kwenye tuta la kwanza, yakajaa, yakageuka, yakaenda tulikotaka. Nimeona mambo mengi mazuri maishani, na harusi yangu ikiwemo, lakini sijui kama lipo lililonifurahisha kuliko hilo.

Siku ya tisa lori lilipita. Nami nilipanda, kwa sababu Athumani aliniomba na kwa sababu nilitaka kuona mwisho wake.

Pwani niliyoikuta sitaisahau. Minazi ilikuwa imelala yote upande mmoja, maelfu, mizizi hewani. Bati la shule lilikuwa limejizungusha kwenye shina la mti kama kitambaa. Mashua ilikuwa katikati ya uwanja wa mpira. Mihogo ilikuwa imelowa maji ya bahari ikaoza ardhini, na kisima cha kijiji kilikuwa chumvi tupu. Watu walihamia msikitini, maana ndiyo nyumba pekee ya mawe iliyobaki na paa. Walikuwa wanaishi kwa nazi na mapapai mabichi.

Mke wa Athumani, Mwanaidi, alitoka mlangoni na mtoto mgongoni, wawili wamemshika kanga. Alisimama mbali kidogo.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Athumani akamwonyesha viganja. Vilikuwa vimechubuka vyote, malengelenge juu ya malengelenge. Mwanaidi alivishika, akavigeuza, akaanza kulia, na mimi nikaona nitafute kazi ya kufanya huko nyuma ya lori.

Nilikaa siku mbili. Kisima kikiingiwa na bahari hukitupi, unakiosha. Tulichota mpaka tukafika matope, tukakiacha kijae, tukachota tena, mara nne, mpaka chai ikawa chai. Akina mama walipika viazi vyetu kwa tui la zile nazi zilizoanguka, na nawaambia, kiazi cha Soni hakijawahi kupata heshima kama ile. Walipouliza ni serikali gani iliyofungua njia haraka hivyo, niliwasimulia habari za Mama Hiza, zote, pamoja na ngoma yangu.

Nilipoondoka, Mwanaidi na wenzake wakaniletea gunia. Ndani mlikuwa na nazi zilizokomaa, zilizochaguliwa moja moja. "Mpelekee mama yetu wa mlimani," akasema. "Hatuna kingine."

Nilizifikisha. Mama Hiza alikuwa shambani anaongeza tuta ambalo hakuna aliyemwomba. Aliitingisha nazi moja sikioni, akasikia maji yakicheza.

"Minazi yao imebaki mingapi?"

"Michache sana, mama. Kwa macho yangu, ni kama hakuna."

"Na hii ikipandwa inaota?"

"Inaota. Lakini mpaka izae ni miaka, hata sita."

Akachukua nazi moja, akaiweka kando. Nyingine zote akazirudisha guniani moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai. Kisha akaingia ndani, akatoka na maharage ya mbegu, akayamimina juu yake, maana kwetu chombo cha zawadi hakirudi kitupu.

"Nimekula moja, zawadi yao imefika," akasema. "Hizi zirudi zikapandwe. Mtu aliyepoteza shamba hapewi pole kwa kuliwa mbegu yake. Hilo nalijua mimi, hata bahari sijaiona."

Athumani alipopanda tena kuchukua viazi, nilimkabidhi gunia kwenye kona ile ile. Nilimweleza maneno ya mama. Akavua kofia, akatazama juu shambani ambako mama alikuwa ameinama na jembe lake na hakuwa na habari nasi. Kisha hakulitupa gunia nyuma pamoja na mzigo. Alilikalisha mbele, kwenye kiti cha abiria, akafunga mlango taratibu, akateremka kwa gia ya kwanza mpaka akaimaliza kona. Nilisimama mtaroni, maji yakinipita miguuni yakienda yalikoelekezwa, nikalia waziwazi mbele ya vibarua wangu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuniuliza nimeangukiwa na nini.